Presha ya mashine ya CPAP: anza kurekebisha namba ya chini

CPAP ni mashine inayosukuma hewa kupitia maski ili koo lisizibe usingizini. Ile ya kujirekebisha yenyewe kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa imewekwa presha ya 4 hadi 20. Arusha na Moshi wapo wanaoipata kwa ndugu aliye nje ya nchi, wapo wanaoinunua kwa muuzaji wa vifaa tiba. Wanavaa maski, wanawasha, wanalala. Wiki ya tatu mtu bado anaamka na kichwa kizito, anasinzia mezani saa nane mchana, na anayelala naye anasema mkoromo umepungua lakini haujaisha. Hapo mashine hurudi kwenye boksi na boksi likapanda juu ya kabati. Kabla hujafika huko, fungua mipangilio yake. Mara nyingi shida iko kwenye ile 4.

Presha ya hewa hapa hupimwa kwa sentimita za maji, na kazi yake ni moja tu: kuushikilia wazi mwanya ulio nyuma ya ulimi na kilimi, usizibe misuli inapolegea usingizini. Colin Sullivan na wenzake huko Sydney walipoitangaza tiba hii mwaka 1981 walitumia presha moja isiyobadilika usiku kucha. Mashine za leo hupandisha na kushusha zenyewe, ila zina udhaifu ambao kila mtumiaji anapaswa kuujua: hupandisha baada ya kuona dalili za koo kuziba, tena hupanda taratibu. Kama koo lako linahitaji 9 na mashine imeanzia 4, pumzi zitakatika mara kadhaa kabla haijafika 9. Koo likitulia inashuka tena, ukigeuka chali unaanza upya. Kwa hiyo namba ya chini ndiyo inayokulinda usiku mzima. Namba ya juu ni ukomo tu.

Nani asiguse namba bila daktari

Mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, mwenye unene mkubwa unaomfanya apumue kwa shida hata akiwa macho, anayetumia morphine, tramadol au dawa nyingine za jamii hiyo, na mtoto yeyote. Kwa hawa presha isiyofaa inaweza kudhuru, na wengine wanahitaji mashine ya aina nyingine kabisa.

Wengine wote pia waanze na daktari, lakini kwa ombi mahususi. Badala ya kuuliza tu “presha yangu iwe ngapi”, omba mkubaliane eneo la kuchezea, kwa mfano “naweza kusogeza namba ya chini kati ya 6 na 10, na ya juu isizidi 15?” Daktari wa masikio, pua na koo au wa magonjwa ya ndani ndiye wa kumwona. Kwa kanda ya kaskazini hospitali kubwa ya rufaa ni KCMC, Moshi. Kama hujawahi kupimwa usingizi kabisa na mashine umeichukua kwa kuwa unakoroma, pima kwanza. Kukoroma peke yake hakutoshi kukuambia una apnia, yaani kukatika kwa pumzi usingizini, ya aina gani.

Soma kabla ya kugusa

Usibadilishe chochote kabla ya kuwa na rekodi ya siku saba ukilala kama kawaida yako. Kwenye kioo cha mashine utaona AHI, yaani mara ngapi kwa saa pumzi imekatika au kupungua. Chini ya 5 ndiyo tunayoitafuta. Tano hadi 15 ni kidogo, 15 hadi 30 ni wastani, zaidi ya 30 ni kali. Lakini AHI ikiwa peke yake inaficha mengi. Unachohitaji ni mgawanyo wake: OA ni koo kuziba, H ni pumzi pungufu, CA ni pumzi kusimama huku koo liko wazi, kwa sababu ubongo haukutuma amri ya kupumua. OA na H mara nyingi hutibika kwa kuongeza presha. CA inaweza kuongezeka ukiongeza presha. Ndiyo maana kupandisha kwa kubahatisha ni hatari: AHI ya 10 iliyojaa CA inataka kinyume kabisa cha AHI ya 10 iliyojaa OA.

Mashine nyingi hutunza rekodi ya usiku mzima kwenye memori kadi. Kuna programu ya bure iitwayo OSCAR inayosoma kadi hiyo kwenye kompyuta na kukuonyesha kila tukio, dakika kwa dakika. Kabla ya kuichomeka kadi kwenye kompyuta, sukuma kile kiswichi kidogo cha ubavuni kwenda upande wa kufungia, kompyuta isije ikaandika kitu juu yake. Ukiirudisha kwenye mashine kumbuka kukifungua, vinginevyo usiku huo hautarekodiwa. Andika mambo matano: AHI na mgawanyo wake, uvujaji wa hewa, presha ya kati (ile ambayo nusu ya usiku mashine ilikuwa chini yake), presha ya asilimia 95 (ile ambayo asilimia 95 ya usiku mashine ilikuwa chini yake), na saa ulizolala na maski.

Uvujaji kwanza, presha baadaye

Hewa ikivuja sana, mashine haiwezi kusikia pumzi yako vizuri, na namba zote inazokupa zinapoteza maana. Kwenye mashine za ResMed mpaka wa kuangalia ni lita 24 kwa dakika. Ukivuka hapo kwa sehemu kubwa ya usiku, usiguse presha, shughulikia maski. Mashine za Philips kwa kawaida huhesabu pamoja na hewa inayotoka kwa makusudi kwenye maski, kwa hiyo namba yao huwa kubwa zaidi na usiilinganishe na ya ResMed.

Hiyo hewa ya makusudi inatoka kwenye matundu madogo yaliyo mbele ya maski au kwenye kiwiko cha bomba. Matundu hayo hutoa hewa uliyokwisha kuipumua. Usiyazibe kwa plasta wala selotepu ukidhani umepata mahali panapovuja. Ukiyaziba utakuwa unavuta tena hewa chafu yako mwenyewe usiku kucha.

Maski ivaliwe ukiwa umelala, mashine ikiwa inavuma kwa presha ya tiba. Ukiikaza umekaa kitandani, uso hubadilika ukilala na inaachia. Legeza mikanda yote, inyanyue maski kidogo kutoka usoni ili mpira wake ujae hewa, uirudishe, kisha kaza kidogo kidogo pande zote mbili kwa usawa. Kukaza sana huukunja mpira na kuongeza uvujaji. Mpira uoshwe kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Na jambo moja linalosahaulika sana kwetu: mafuta ya kujipaka. Aliyejipaka mafuta mazito usoni kabla ya kulala ataona maski inateleza kufika saa nane usiku, hata iwe mpya. Nawa uso kwa sabuni, uache mkavu.

Hakikisha pia mashine imeambiwa aina ya maski unayovaa: ya kuingia puani, ya kufunika pua, au ya pua na mdomo. Ukibadilisha kutoka ya pua kwenda ya pua na mdomo, tegemea kuhitaji presha kubwa zaidi kidogo, kwa hiyo rekodi za maski ya zamani zisitumike kupanga presha ya mpya.

Kupandisha namba ya chini

Menyu ya presha hufichwa ili isiguswe kwa bahati mbaya. Kwenye AirSense 10 ya ResMed, bonyeza kile kitufe cha kuzungusha pamoja na kitufe cha nyumba, ushikilie sekunde tatu. Mashine nyingine zina njia zao, na zimeandikwa kwenye kitabu cha mtabibu, siyo kile cha mgonjwa. Kabla ya kubadilisha, piga picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu. Ukipotea, unarudi ulikotoka.

Tuchukue mfano. Rekodi ya siku saba inaonyesha AHI 9: OA 5, H 3, CA 1. Uvujaji ni lita 8, safi. Presha ya kati ni 8.2, ya asilimia 95 ni 11.4, mipangilio ni 4 hadi 20. Picha hii ni ya mashine inayochelewa. Nusu ya usiku inahitaji 8 na zaidi, lakini inaruhusiwa kushuka hadi 4. Hatua ya kwanza ni kuweka chini 6. Lala siku nne au tano. Kama CA imebaki palepale, weka 7, siku nyingine nne au tano, kisha 8. Usiruke kutoka 4 hadi 8 kwa usiku mmoja. Tumbo na ubongo vinahitaji kuzoea, na ukiruka hutajua ni hatua ipi iliyoleta shida. AHI ikishuka chini ya 5 na unaamka vizuri, simama hapo. Kufukuzia 0.5 wakati 2 inakulaza vizuri ni kujitafutia uvujaji na tumbo kujaa gesi bila faida.

Namba ya juu iguse mwishoni. Kwenye mfano huu ukomo wa 14 unatosha: uko juu ya 11.4 kwa nafasi ya kutosha, na unazuia mashine isikimbie hadi 18 kwa kudanganywa na uvujaji. Ikiwa grafu inaonyesha presha imegonga ukomo na kukaa hapo huku OA zikiendelea, pandisha ukomo kwa 1, ndani ya mlichokubaliana na daktari.

Siku za kuhukumu ziwe za kawaida. Usiku wa bia au mbege utakupa namba mbaya kwa sababu pombe hulegeza misuli ya koo, na mafua huziba pua. Usiku kama huo weka alama, usiuhesabu.

Vipengele viwili vinavyovuruga hesabu

EPR, au jina lingine kulingana na kampuni, hushusha presha unapotoa pumzi, kwa 1, 2 au 3. Ni nafuu kwa anayehisi anapambana na upepo. Lakini koo huelekea kuziba mwishoni mwa kutoa pumzi, palepale ambapo EPR imeshusha msukumo. Ukiweka presha 7 na EPR 3, unapotoa pumzi unashikiliwa na 4 tu. Kwa hiyo ukiwasha EPR 3 na OA zikaongezeka, usishangae: pandisha namba ya chini hatua kwa hatua, au punguza EPR iwe 1. Kwa watu wengine EPR kubwa huongeza CA pia.

Ramp ni ule muda wa mwanzo ambapo presha hupanda polepole. Ikiwekwa dakika 45 kuanzia 4, na wewe unasinzia ndani ya dakika 10, dakika 35 zinazobaki umelala kwa ulinzi hafifu. Na wengine hubonyeza upya kila wanapoamka kwenda msalani. Weka 6 ya kuanzia na muda mfupi, au chagua ile ya kujiendesha inayosubiri usingizi kama mashine yako inayo. Anayesema “nakosa hewa nikivaa” mara nyingi ameachwa kwenye 4. Watu wazima wengi 4 huwabana, na 6 au 7 huwapa nafuu papo hapo.

Pale presha isipofaa kitu

Kuna sura moja kwenye grafu ambayo inafaa kuijua kwa macho. OA hazisambai usiku mzima. Zinakaa kwa mafungu: dakika 20 zimejaa alama zilizobanana, kisha saa nzima safi, kisha fungu jingine. Presha inapanda katikati ya fungu lakini alama haziishi. Hapo kidevu kimeangukia kifuani na njia ya hewa imejikunja, kama mpira wa kumwagilia bustani uliopinda. Unaweza kuongeza presha hadi 20, mkunjo utabaki. Dawa ni mto. Mto wa sufi ulioshindiliwa vizuri, tena ukiwa miwili, unasukuma kichwa mbele na kukunja shingo. Toa mmoja, au toa sufi kidogo hadi sikio, bega na nyonga vikae kwenye mstari unapolala ubavu. Jaribu siku tatu kabla ya kugusa namba. Ikisaidia nusu, kola laini ya shingo inayozuia kidevu kushuka inaweza kumaliza kazi. Isibane koo.

Sura nyingine ni CA. Chache huonekana unapoingia usingizini au ukigeuka, kwa sababu mashine haijui kama uko macho, inahesabu tu pumzi uliyoizuia ukijigeuza. Hizo ziache. Lakini CA zikianza kuongezeka kila unapopandisha presha, rudi hatua moja nyuma, punguza EPR, ukae hapo wiki mbili au tatu. Kwa watumiaji wapya wengi hupungua zenyewe ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu hivi. Zikibaki zaidi ya 5 kwa saa, hilo ni la daktari, na moyo uangaliwe pia.

Tumbo kujaa hewa, kubeua asubuhi na kujamba sana maana yake unameza hewa. Shusha ukomo wa juu kwa 1, lala ubavu wa kushoto, tazama kama kichwa kimekunjwa.

Mazingira ya huku

Moshi mjini iko kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha kama 1,400. Mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko huo. Za zamani zina kipengele cha mwinuko cha kuwekwa kwa mkono, na kikiachwa kwenye usawa wa bahari, presha inayofika siyo ile iliyoandikwa. Ukilala ukingo wa Ngorongoro, mita 2,200 na zaidi, hewa nyembamba yenyewe huleta CA. Usitumie usiku wa huko kupanga presha ya nyumbani.

Baridi ya Juni na Julai Arusha hugeuza unyevu wa mashine kuwa maji ndani ya bomba. Utasikia yanagugumia, na grafu itaonyesha pumzi za ajabu. Punguza kiwango cha unyevu, pitisha bomba chini ya blanketi, na weka mashine chini kuliko kichwa ili maji yarudi kwenye tangi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe. Mashine husukuma hewa ileile ya chumbani, na hewa ya sumu ya mkaa haichujwi na filta. Dawa ya mbu ya kuchoma pia ikae mbali. Chandarua kichomekwe bila kufunika tundu la nyuma la kuvutia hewa. Mashine ikae nje yake, juu ya stuli, bomba ndilo lipite chini ya chandarua. Kiangazi cha vumbi kague filta kila wiki na uibadilishe ikishaonekana ya kijivu.

Kwenye tangi tumia maji yaliyotoneshwa. Usinunue tu “maji ya betri” bila kusoma chupa, kwa kuwa dukani jina hilo hutumika pia kwa asidi. Yakikosekana, maji ya kunywa ya chupa yanafaa kwa muda, ukimwaga kila asubuhi na kukausha tangi. Ya bomba au kisima huacha ukoko mweupe haraka.

Umeme ukikatika, mashine bila kupasha maji hula takriban wati 10 kwa presha ya kawaida. Betri ya 12V yenye Ah 50, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, ina kama Wh 300, yaani takriban usiku tatu. Ukiwasha cha kupasha maji, matumizi hupanda mara nne au zaidi na unabaki na usiku mmoja kwa shida. Tafuta kibadilishi cha moja kwa moja kutoka 12V kwenda volti ya mashine yako, mara nyingi 24V, kwani inveta hupoteza umeme njiani.

Mashine iliyokwisha kutumika ikaguliwe kabla ya kuipangia presha. Juni 2021 Philips ilitangaza kuzirudisha mashine zake nyingi, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele inaweza kumomonyoka na kuingia kwenye njia ya hewa. Linganisha namba ya mashine na tangazo hilo kwanza. Na mwenye kifaa cha kuendesha moyo kilichopandikizwa mwilini aepuke maski zenye sumaku kwenye vibanio.

Lini urudi hospitali

Rudi kama umefuata hatua hizi wiki sita na AHI bado iko juu ya 10. Rudi pia kama CA hazipungui, kama miguu inavimba au pumzi inakatika hata ukitembea, na kama AHI ni nzuri lakini bado unasinzia mchana, kwa sababu upungufu wa damu, tezi ya shingo au dawa unazokunywa vinaweza kuwa chanzo. Anayeendesha bodaboda, daladala au lori na bado anasinzia asishike usukani hadi hili litatuliwe. Siku ya kwenda chukua memori kadi, mashine, maski yenyewe, picha za mipangilio ya zamani na ya sasa, na karatasi yenye tarehe ya kila badiliko ulilofanya.